Sentensi moja ya Kiingereza iliyomnyamazisha mama

Mdogo wangu yuko kidato cha pili. Anaishi nami Tabata, jijini Dar es Salaam, tangu alipomaliza darasa la saba. Mama yuko Kilosa, kwa hiyo mimi ndiye ninayekwenda kwenye vikao vya wazazi, ninayesaini madaftari na ninayeulizwa kwa nini mtoto amekuja na soksi za rangi. Sijajaliwa kuzaa bado, lakini kwa mwalimu wake wa darasa mimi ni mzazi kama wengine.

Jioni moja mwezi uliopita alirudi na uso umemkunjamana. Akatupa begi kwenye kochi, akafungua daftari la Kiingereza na kunionyesha alama ya kosa, kubwa, ya wino mwekundu. Alikuwa ameandika hivi: "If I would have money, I would buy a phone."

"Dada, kosa liko wapi hapa?" akaniuliza. "Mbona Kiswahili ndivyo tunavyosema?"

Nilicheka, kwa sababu miaka yangu kadhaa nyuma nilikosea vilevile, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Nilipigwa alama ya kosa, nikaambiwa nikariri.

Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wanayajua mazingira yake. Mtoto anasoma shule ya msingi ya serikali, masomo karibu yote kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia, jiografia, fizikia na hisabati vimegeuka Kiingereza. Sentensi za masharti, zile za "kama hivi basi vile", haziishii kwenye somo la lugha. Mtihani wa baiolojia unaweza kumuuliza nini kitatokea iwapo mmea utanyimwa mwanga. Kama mtoto hajaelewa kile kijineno "if" kinafanya kazi gani, atakosa swali ambalo jibu lake analijua tangu darasa la sita.

Basi nikamwambia aache begi, aje jikoni. Nilikuwa nakaanga dagaa.

Kosa lilikotoka

Nilimwambia aitamke sentensi yake kwa Kiswahili. Akasema, "Ningekuwa na hela, ningenunua simu."

"Hesabu 'nge' ziko ngapi."

"Mbili."

Hapo ndipo shida ilipo. Kiswahili chetu kinaweka alama pande zote mbili: kwenye sharti na kwenye matokeo. Ningekuwa, ningenunua. Kiingereza kinaweka "would" upande mmoja tu, ule wa matokeo. Upande wa sharti kinatumia kitenzi cha wakati uliopita: "If I had money, I would buy a phone." Mtoto wa Kiswahili anayeandika "would" mara mbili hajazembea. Anafuata kanuni ya lugha yake kwa uaminifu, ila amekwenda nayo kwenye nyumba ya watu.

Kilichomchanganya zaidi ni ile "had". "Mbona ni ya jana, dada? Mimi nazungumzia leo." Nikamwambia Kiingereza kina tabia hiyo: kinapotaka kuonyesha kwamba jambo ni la kufikirika tu, kinarudi nyuma hatua moja. Jambo la leo lisilo la kweli linavaa nguo ya jana. Na jambo la jana lisilotokea linarudi nyuma zaidi: "If I had had money yesterday, I would have bought a phone."

Aliandika yote hayo nyuma ya daftari. Siku ya pili tuliendelea, na ya tatu. Nikagundua kwamba kila aina ya sentensi ya Kiingereza iliyokuwa inamtisha, Kiswahili kina ndugu yake.

Ile ya jambo linalowezekana kabisa ni "ki" na "ta": mvua ikinyesha, tutabaki nyumbani. Na angalia, kwenye "ikinyesha" hakuna "ta". Kiingereza ni hivyohivyo: "If it rains, we will stay at home." Mtoto akiizoea "ki" hataandika "if it will rain".

Ile ya kufikirika leo ni "nge": ningekuwa daktari, ningefanya kazi kijijini.

Ile ya jambo lililokwisha kupita, ambalo haliwezi tena kubadilishwa, ni "ngali": ningalisoma, ningalifaulu. Hii siku hizi tunaisikia kidogo. Mitaani wengi tunasema "ungeniambia jana ningekuja", tukaacha neno "jana" lifanye kazi ya "ngali". Tunaelewana, hakuna tatizo. Lakini mtoto anayejifunza Kiingereza anasaidika sana akifahamu kwamba babu zake waliwahi kutenganisha mambo hayo mawili kwa silabi moja tu.

Alielewa haraka. Nilijisikia mwalimu.

Mama anakuja kupima macho

Wiki iliyofuata mama alikuja Dar es Salaam kupima macho. Jioni alikaa kwenye mkeka sebuleni akichambua mchele kwa miwani ya kuazima, akitusikiliza. Mama aliishia darasa la saba. Kiingereza chake ni salamu na namba, lakini anapenda kuona watoto wake wanasoma. Alikuwa akiitikia "eehe" kila tulipomaliza sentensi, kana kwamba anahakiki.

Siku hiyo mwalimu alikuwa amewapa kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike sentensi tano za aina ya tatu, zile za "ngali", ziwe za kweli na zihusu familia yake.

Mdogo wangu aliandika ya kwanza kuhusu mtihani wa darasa la saba. Ya pili kuhusu kuku walioibwa. Ya tatu aliiandika kwa mwandiko mzuri kuliko zote, akanipa daftari.

"If my brother had gone to hospital on the first day, he would have lived."

Nilichukua kalamu, nikatafuta kosa. Halikuwepo. "Had gone" ilikuwa mahali pake, "would have lived" mahali pake. Nikaweka alama ya vema.

"Ameandika nini hapo?" mama akauliza. "Mbona umenyamaza?"

Sikuwa nimejua kwamba nimenyamaza. Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kumsomea ile ya kuku. Lakini mdogo wangu, ambaye alikuwa anajivunia sentensi yake, alitangulia. Akaitafsiri kwa Kiswahili fasaha, vile nilivyomfundisha mwenyewe: "Kaka yangu angalikwenda hospitali siku ya kwanza, angalipona."

Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo.

Lazima nieleze. Kati yangu na mdogo wangu alikuwepo mtoto wa kiume. Alifariki akiwa na miaka miwili. Mimi nilikuwa na miaka 11, na huyu wa kidato cha pili alikuwa hajazaliwa. Hakumwona kaka yake hata siku moja. Alichokuwa anakijua kumhusu alikipata kwangu.

Na nilijua hasa ni lini alikipata. Mwaka jana alipata homa akaificha siku mbili kwa sababu hakutaka kukosa mashindano ya netiboli. Nilimkaripia, na katika kumkaripia nikamwambia: "Unajua kaka yetu alikufa kwa sababu alicheleweshwa? Angalipelekwa siku ya kwanza, angekuwepo leo."

Kwa hiyo sentensi ile ilikuwa yangu. Yeye aliipeleka tu kwenye Kiingereza.

Siku ya kwanza

Mama hakulia. Aliondoa kokoto moja kwenye mchele, akaiweka kando, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Siku ya kwanza nilikwenda."

Hatukusema kitu.

"Wewe ulikuwa shule," akaniambia mimi. "Nilimbeba mgongoni asubuhi, nikaenda nikarudi kwa mguu. Zahanati nilifika. Wakamshika, wakasema ana moto, ni malaria. Wakanipa dawa, wakaniambia nimalize dozi ya siku tatu. Nikarudi nikampa. Siku ya pili nikampa. Usiku wa siku ya pili akaanza kupumua mbiombio, kifua kinaingia ndani hivi." Akaonyesha kwa mkono, chini ya mbavu zake mwenyewe. "Mimi nikadhani dawa inapambana na ugonjwa. Si nimeambiwa siku tatu? Asubuhi ya tatu nikaona huyu hapana. Nikamfunga khanga nikakimbia. Tulikuwa bado njiani."

Mimi nilikumbuka siku ya tatu tu. Nilikumbuka khanga na mbio. Nikiwa mtoto wa miaka 11 nilijenga hadithi nzima kutokana na kile nilichokiona: mama alikaa, akakaa, kisha akakimbia. Nikaishi na hadithi hiyo miaka 17. Sikuwahi kumtamkia mama lawama, lakini nilikuwa nayo. Na pengine ndiyo iliyonipeleka kuandika habari za afya.

"Hakuna aliyeniambia," mama akamalizia. "Hakuna aliyesema, 'Mama, akipumua hivi, rudi.' Wangeniambia hivyo tu."

Nataka msomaji aisikie tena sentensi hiyo kama nilivyoisikia mimi, mtu niliyekuwa nimefundisha "ki" na "ngali" siku kumi mfululizo. Akipumua hivi, rudi. Ni sharti la kawaida kabisa, la aina ile rahisi kuliko zote. Lilikosekana siku ya kwanza, na likamwachia mama "ngali" ya maisha yote.

Sarufi sahihi, hukumu isiyo sahihi

Mimi ni mwandishi wa afya. Nimeshaandika mara nyingi kuhusu "vifo vinavyoweza kuepukika". Ni maneno sahihi yakitumika kwa taifa na kwa maelfu ya watoto. Nimonia ni miongoni mwa magonjwa ya kuambukiza yanayoongoza kuua watoto wadogo duniani, na dawa za kuitibu zipo. Lakini maneno hayohayo yakiletwa kwenye mkeka wa mama mmoja aliyefiwa na mtoto mmoja, yanageuka hukumu.

Siwezi kusema kwa hakika kwamba mdogo wetu aliugua nimonia. Dalili alizozieleza mama zinafanana nayo, lakini hakuna aliyemhesabia pumzi wala kumpima. Miaka ile homa nyingi za watoto zilitibiwa kama malaria bila kipimo. Ni mwaka 2010 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria athibitishwe kwa kipimo kabla ya kupewa dawa. Na chanjo ya kukinga aina mojawapo kuu ya nimonia ilikuwa bado kuingia kwenye ratiba ya watoto wa Tanzania. Iliingia 2013.

Hilo ndilo sikulifundisha jikoni. Sentensi ya aina ya tatu inaongea kwa kujiamini kupita kiasi. Inasema "angalipona" kana kwamba tuliona mwisho wa ile njia nyingine. Hatukuuona. Hakuna aliyeuona.

Nilichukua daftari tena. Nikamwambia mdogo wangu kwamba sentensi yake haina kosa la sarufi, lakini ina kosa lingine, na kosa hilo ni langu. Nikafuta "would", nikaandika "might". Kwa Kiswahili tunaongeza "huenda" au "pengine": huenda angalipona. Neno moja tu. Nikamwambia kwamba hilo ndilo neno la mtu mwaminifu anapozungumzia jambo ambalo hakuna ajuaye lingeishaje.

Kisha na sharti lenyewe likafutika, kwa sababu halikuwa kweli. Siku ya kwanza alipelekwa.

Mdogo wangu alikaa kimya akitafuna mfuniko wa kalamu. Halafu akaandika sentensi nyingine chini yake, polepole, akifuta mara mbili:

"If someone had told my mother the danger signs, she would have gone back."

Akamsomea mama kwa Kiswahili. "Mama angaliambiwa dalili za hatari, angalirudi."

Mama akatikisa kichwa kukubali. "Hiyo ni kweli," akasema. "Ningalirudi. Usiku uleule."

Hapo "would" ilibaki. Sikuigusa. Mtu anaweza asijue kama mtoto angepona, lakini mama anajua kama yeye angalirudi.

Baadaye usiku, mdogo wangu alipokwenda kulala, nilimwomba mama msamaha. Hakuniuliza kwa kosa lipi. Alisema tu, "Ulikuwa mtoto, mwanangu," akaniomba nimtilie chai.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa sekondari

Huhitaji kujua Kiingereza ili umsaidie mwanao kwenye somo hili. Mama hakijui, na yeye ndiye aliyelifundisha vizuri kuliko mimi. Haya ndiyo yaliyotusaidia nyumbani.

Anzeni na Kiswahili. Muulize wakati wa chakula: "Ukipewa elfu kumi kesho, utafanya nini?" Kisha: "Ungekuwa na milioni kumi, ungefanya nini?" Kisha: "Ungalizaliwa zamani, kabla ya simu, ungaliishije?" Akishajibu kwa Kiswahili na kuona tofauti ya jambo linalowezekana, la kufikirika na lililokwisha pita, mwambie ayageuze majibu yake kwa Kiingereza. Atakuwa na cha kusema.

Mwambie ahesabu. Kwenye Kiswahili "nge" ni mbili, kwenye Kiingereza "would" ni moja, na haikai upande wa "if". Kosa hilo moja likiondoka, nusu ya alama nyekundu zinaondoka.

Mwache aandike mambo ya kweli. Sentensi za kitabuni kuhusu mtu asiyemjua hazikai kichwani. Lakini ujue kwamba akiandika ya kweli, huenda yakatoka ambayo familia haijawahi kuyasema. Msikimbie. Ulizeni.

Na kwa mzazi mwenye mtoto mchanga

Nisingekuwa na haki ya kuandika makala haya bila kuandika sentensi ambazo mama hakuambiwa siku ya kwanza. Zote ni za "ki", na zote zina maana moja: usisubiri kesho, hata kama dozi haijaisha.

Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, mpeleke kituo cha afya.

Akitapika kila kitu anachopewa, mpeleke.

Akipata degedege, mpeleke.

Akilegea, akawa haamki au hakutambui, mpeleke.

Akipumua haraka, au kifua chini ya mbavu kikiingia ndani anapovuta pumzi, mpeleke. Unaweza kuhesabu mwenyewe kwa saa ya simu, mtoto akiwa ametulia, kwa dakika moja kamili. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili ni hatari. Ni 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kumi na mmoja, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi kutimiza mitano.

Usimkoseshe pia chanjo ya nimonia. Hutolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Na ukiwa umeshapewa dawa, usiondoke mbele ya mhudumu kabla hujauliza swali moja: "Nikiona nini nirudi?" Kama hakukuambia mwenyewe, muulize. Una haki ya kuulizia hilo sharti.

Mama aliondoka Jumamosi kwa basi la asubuhi, na miwani yake mpya. Tulimsindikiza stendi. Alishapanda, ameshakaa dirishani, akagonga kioo kumwita mdogo wangu.

"Ile sentensi yangu," akauliza, "mwalimu aliiwekea vema?"

"Aliiweka, mama."

Akaitikia "eehe", kama anavyohakiki, na basi likaondoka.